Mahé hadi Kilifi kwa boti ya matanga wakati wa kusi: siku inakwendaje?

binti_wa_takaungu

Salaam wote. Mimi ni mpishi kwenye boti ya matanga ya futi 42 inayolala Kilifi. Wenyewe, mume na mke watu wazima, wako nayo Shelisheli na wameniomba nipande ndege hadi Mahé niwasaidie kuirudisha mwezi wa saba. Tutakuwa watatu tu. Nimewahi kwenda nayo Pemba na Unguja, lakini ilikuwa safari ya usiku mmoja, tena kaskazi. Hii ni siku nane au tisa bila kuona ardhi, na kusi limekaza. Mama hataki kusikia. Siombi ushauri wa kwenda au kutokwenda. Nataka aliyepita huko anieleze: mnalala vipi, mnapika vipi, chooni je?

baharia_wa_kibokoni

Dada, njia hiyo niliipita Julai 2016, boti ya futi 40, watatu kama nyinyi. Ni kama maili 950 za baharini, tukachukua siku nane. Mbili za kwanza zilikuwa za wastani. Kuanzia ya tatu upepo ulikuwa noti (maili za baharini kwa saa) 25 hadi 30 mchana na usiku, mawimbi ya mita tatu na zaidi.

Anza na kitanda. Kusi linatoka kusini-mashariki nanyi mnaelekea magharibi, kwa hiyo boti italalia upande wa kulia safari nzima. Omba kitanda cha kulia, katikati ya boti. Hapo mwili unaegemea ubavu wa chombo. Ukilala kushoto utatupwa sakafuni, na kitanda cha omo, yaani mbele ya boti, ni kama kulala juu ya punda anayekimbia. Kitanda hicho kisiguswe na nguo iliyolowa maji ya bahari hata mara moja. Chumvi haikauki, usiku inavuta unyevu tena, na siku ya nne utakuwa na vidonda makalioni. Mimi nilivipata. Jipanguse kwa kitambaa na kikombe cha maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila ukitoka zamu, hata ukiwa hoi.

Zamu zetu zilikuwa saa tatu kazini, saa sita kupumzika. Toa kupika, kula na kusaidia kupunguza tanga, usingizi unabaki saa nne. Na usingizi wenyewe! Ndani kunapiga kelele kama watu wanashusha magunia ya mahindi juu ya kichwa chako. Usiku mmoja kopo lilikuwa likibingirika mahali, tak, tak, kila wimbi. Nilipoteza mapumziko yangu nikilitafuta kwa tochi, kumbe lilikuwa la nyanya, nyuma ya akiba ya mchele. Kabla ya kung'oa nanga, jaza kila pengo kabatini kwa taulo na soksi.

Sasa jiko, maana ndiyo kazi yako. Linaning'inia, linacheza na boti, sufuria inabaki sawa na wewe ndiye unayeyumba. Jifunge ule mkanda wa kiunoni. Pika Mahé vyakula vya siku tatu za mwanzo, chapati nyingi, kwa sababu hamtakuwa na hamu wala nguvu. Baadaye ni sufuria moja ya presha yenye kifuniko cha kufunga: wali na dengu, viazi na samaki wa kopo. Kula kwa bakuli na kijiko. Siku ya tano nilimimina maji ya chai kwenye kikombe nilichokishika mkononi, wimbi likatupiga ubavuni, yote yakaniishia pajani. Alama ninayo hadi leo. Kikombe kiweke ndani ya sinki ndipo umimine, na vaa suruali ya mvua ukipika, hata kama joto linakutoa jasho.

Chooni kila mtu anakaa, wanaume pia. Usiku usitoke nje kabla hujajifunga kwenye kamba ya usalama, na asitoke mtu kwenda omo bila kumwamsha mwingine. Punguzeni tanga kabla ya magharibi hata kama upepo unaonekana mzuri.

Vidonge vya kichefuchefu anza jioni ya kabla ya safari. Ukishachafukwa, lala chini, funga macho.

mzee_wa_shela

Mwanangu, huyo kaka amekueleza vizuri, ila la mwisho simfuati. Nilikuwa baharia wa jahazi za boriti kutoka Lamu. Aliyechafukwa hatukumlaza, tulimpa usukani, macho yake mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Kwa wengi ilisaidia. Ndani ndiko kunakomaliza mtu.

Kila zamu ikiingia, angalieni ngama, maji yanayokusanyika chini kabisa ya chombo. Chovya kidole uonje. Ikiwa chumvi, bahari inaingia. Ikiwa tamu, tangi lenu linavuja, nayo ni hatari yake kwa watu watatu.

Mkikaribia pwani kuna mkondo unaokwenda kaskazini, na wakati wa kusi una nguvu sana. Omo ielekezwe kusini ya Kilifi, kama mnakwenda Mombasa. Mkilenga Kilifi moja kwa moja, mtaziona taa za Malindi, kisha mrudi kwa kubisha, yaani kwenda upande huu na huu, dhidi ya upepo na mkondo, na nyote mmechoka.

binti_wa_takaungu

Shikamoo mzee. Ahsanteni sana, kaka pia. Nimemsomea mama yote, hata habari ya paja. Amenyamaza, kisha akauliza kitu kimoja: simu zitashika?

baharia_wa_kibokoni

Hazishiki, tangu jioni ya kwanza. Sisi tulikuwa na kifaa cha setilaiti, mke wangu akipata ujumbe wa mahali tulipo kila saa kumi na mbili jioni. Waulize wenye boti kama wanacho. Na mama usimwambie siku nane. Mwambie kumi na moja.