Tupeane uzoefu: simu imekuondolea nini kichwani?

Mama wa Kibosho
Habari za jioni wadau. Leo kwenye hiace bibi mmoja aliishiwa nauli. Konda akamuuliza kama ana mtu wa kumpigia, bibi akataja namba ya mwanawe tarakimu zote kumi, akataja na ya mkwewe. Nimefika nyumbani sijatulia, nikaona niandike yangu ya mwaka 2019.

Nilishuka stendi ya Moshi natokea Same, magharibi, mvua inanyesha, mtoto mgongoni anachemka homa. Nilitaka kwenda naye hospitali moja kwa moja, lakini kadi ya bima alikuwa nayo baba yake. Kutia mkono kwenye mkoba nakuta umechanwa kwa wembe. Simu hakuna, pochi hakuna. Mama muuza karanga alivyoniona nahangaika akanipa simu yake, "Piga mwanangu." Nikaandika sifuri saba, kidole kikasimama hapohapo. Mume tumeishi miaka sita, kwa siku nampigia mara tano, namba yake siijui! Ya dada yangu siijui. Ya mama yangu mzazi nikapata nne za mwanzo. Namba iliyonijia kamili ni ya simu ya mezani ya duka la marehemu baba pale Kiboriloni, ilikatwa miaka mingi. Baba alinikaririsha nikiwa na miaka saba, nimesimama juu ya kreti la soda ndio nifikie kaunta. Nimesimama stendi nairudiarudia ile namba huku nalia, na nyumba yenyewe haina tena simu.

Bodaboda mmoja alikubali kunipeleka Kibosho nimlipe tukifika. Hospitali tuliingia saa tano usiku. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, ila swali limebaki: huu ubongo wetu unabadilika kweli? Na hawa tunaowazaa watakuwaje?

Pasua Kaskazini
Dada umenigusa. Mimi hata ya kwangu mwenyewe lazima nibonyeze niangalie salio ndio niione.

Muuza Ndizi Mbuyuni
Mikungu ishirini na tatu kwa elfu kumi na mbili na mia tano, zamani nilikuwa natoa jibu kabla mteja hajafunga mdomo. Sasa natafuta kikokotoo kwenye simu na mteja anakata tamaa anaenda kwa jirani. Mama yangu ana miaka 71, hakusoma, mpaka leo hesabu anazimaliza kichwani.

Msema Kweli Majengo
Vizazi vitatu vijavyo watoto watazaliwa na dole gumba refu la kubonyezea na kichwa kitupu. Muandike tarehe.

Mwalimu wa Baiolojia
Hapana kaka, hilo naomba tulisahihishe, maana wanafunzi wanaliandika hata kwenye mtihani. Kiungo ulichokitumia sana au ulichoacha kukitumia humrithishi mtoto. Wamasai wametoboa na kuvuta masikio vizazi na vizazi, na hakuna mtoto aliyezaliwa na tundu tayari. Kilichompata mama wa Kibosho ni ubongo wake mwenyewe, ndani ya maisha yake mwenyewe. Hakuzaliwa hivyo na mwanawe hatazaliwa hivyo.

Ubongo unajifinyanga kwa kazi unayoupa. Madereva wa teksi wa London hawapewi leseni mpaka wakariri mitaa kama 25,000, kazi ya miaka mitatu minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliwapima, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kipande cha ndani ya ubongo ambacho kinashughulika na kumbukumbu ya njia, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Watu wakabisha, labda walizaliwa nayo ndio maana wakawa madereva. Maguire akawafuata wanafunzi wa udereva wa teksi tangu mwanzo, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha waliofaulu imekua, walioshindwa haikukua. Ni kusoma kulikoikuza.

Msema Kweli Majengo
Mwalimu usinifanye mwanafunzi wako. Ninyi si ndio mnafundisha Oldupai kwamba mtu aligonga mawe ubongo ukakua? Leo simu ndio isiguse?

Mwalimu wa Baiolojia
Sijakudharau kaka, na umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Teknolojia inagusa jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ila kwa mlango mwingine. Chukua maziwa. Mtu mzima kwa kawaida ya mwili hameng'enyi sukari ya maziwa vizuri, akinywa tumbo linamsumbua. Watu wakaanza kufuga. Katika jamii za wafugaji wa huku kwetu Tanzania na Kenya wapo waliozaliwa na badiliko dogo la jeni linalowaruhusu kunywa maziwa mpaka uzeeni. Ukame ukija, mwenye badiliko hilo anaishi na watoto wake wanaishi. Ndani ya miaka isiyozidi 7,000 likaenea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007 ulilikuta, na ni tofauti na lile la Wazungu. Yaani ng'ombe wamewabadilisha watu mara mbili, sehemu mbili.

Na Oldupai, Homo habilis, binadamu wa kale aliyepewa jina mwaka 1964, alikuwa na ubongo kama nusu ya wetu, na zana za mawe za pale zina umri wa miaka kama milioni 1.8. Safari ndefu. Simu ya mkononi hapa kwetu ina miaka kama thelathini tu. Na kama haimzuii mtu kuzaa wala haimsaidii kuzaa zaidi, jeni hazina habari nayo.

Sanawari Juu
Mimi sikutoka kwa mnyama, Mungu aliniumba. Mengine mtajua wenyewe.

Mama wa Kibosho
Jamani nawaomba, tusifike kwenye kugombania imani. Nimeuliza habari ya kumbukumbu, kila mtu aseme yaliyompata.

Dereva wa Mianzini
Mama, ngoja nitoe la kwangu, sijawahi kulisema hata kwa mke wangu.

Nimeendesha watalii tangu 2006. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kupitia Selela na Engaruka nilijifunza kwa mzee mmoja, ramani hatuna. Alinifundisha kuutazama mlima Ol Doinyo Lengai uko bega gani, na makorongo alinipa kwa mpangilio: hili lina mchanga mweupe, hili lina mgunga uliolala. Nilikuwa naipita usiku bila wasiwasi.

Halafu zikaja ramani za simu. Miaka saba nimefuata mstari wa bluu. Aprili moja narudi kutoka Ngare Sero, kijiji cha kule Natron, na wageni wanne, tumechelewa, mvua imepiga milimani. Mstari ukaniambia kata kushoto, nikakata. Nimeingia katikati ya korongo nasikia mlio kama lori linashusha kokoto. Maji. Nilirudi nyuma kwa kasi, gurudumu la nyuma likazama, maji yakaja mpaka kwenye ngazi ya mlango. Mgeni mmoja mama mtu mzima alinishika bega kwa nyuma, hakusema kitu, kucha zake nilizisikia kupitia shati. Four-wheel ilishika mara ya tatu, tukatoka.

Hapo sasa ndio kwenyewe. Simu ikazima. Nikashuka nikasema nisome nchi kama mzee alivyonifundisha. Sikuona kitu. Giza, na kichwani giza. Njia niliyoipita mara mia mbili sikujua Engaruka iko mbele au nyuma. Nilisimama kwenye matope miguu inatetemeka, si kwa maji, ni kwa vile nimetafuta kitu ndani yangu nikakuta hakipo.

Aliyetutoa ni mtoto wa Kimasai, kama miaka kumi na mbili, alikuwa anatafuta mbuzi aliyepotea. Alitembea mbele ya gari saa nzima. Kila korongo anasimama, anakanyaga mchanga mara mbili tatu, ananionyesha kwa fimbo pa kupita.

Pasua Kaskazini
Aisee! Mkuu gari gani hilo?

Njiro Block C
Kosa ni la dereva. Aprili unapitaje makorongo usiku na wageni? Simu inasingiziwa.

Kifodi cha Sakina
Wewe wa Njiro umewahi kufika Natron au unaongea tu umekaa kwenye kochi? Muache mtu aseme.

Njiro Block C
Nimefika mara nne, na mchana. Nasema kwa sababu kuna roho za watu ndani ya gari.

Dereva wa Mianzini
Ana haki, nisimkatae. Kosa ni langu. Ninachosema ni kwamba dereva wa 2009 asingelifanya.

Nukta Nundu
Niongezee upande wa pili kabla hamjaichoma simu. Mimi sioni tangu nina miaka minne. Nimesoma kwa nukta nundu, na wanasayansi waligundua tangu miaka ya 1990 kwamba sisi tunaposoma kwa vidole, sehemu ya ubongo ya kuonea nayo inafanya kazi. Haikukaa bure kwa kukosa macho, ilipewa kazi nyingine. Leo simu inanisomea ujumbe kwa kasi ambayo mke wangu anasema ni kama mbu analia, na mimi nasikia neno kwa neno. Nilianza polepole nikaongeza kila wiki. Mwezi uliopita nilienda mwenyewe Mnara wa Saa mpaka soko la Kilombero, hapa Arusha, sikio moja kwenye simu. Kwa hiyo mnapouliza imeondoa nini, mimi imenirudishia mji.

Mama Wawili Tengeru
Kwangu ni macho. Wanangu wote wawili wamevaa miwani darasa la tano. Daktari alisema watoke nje mchana, mwanga wa jua unasaidia jicho lisirefuke. Akaniambia kwenye miji ya Asia Mashariki wanaomaliza sekondari 8 kati ya 10 hawaoni mbali, na babu zao walikuwa wanaona vizuri.

Mwalimu wa Baiolojia
Na huo ndio mfano wangu, mama. Vizazi viwili tu, jeni haziwahi kwenda mbio hivyo. Ni namna tunavyowalea.

Kifodi cha Sakina
Ushauri: kila Jumapili zima simu, kariri namba mbili.

Muuza Ndizi Mbuyuni
Andika kwenye karatasi, shona ndani ya gauni. Kichwa kinachoka.

Msema Kweli Majengo
Karatasi nayo ni teknolojia. Kariri kwa kuimba, kama alivyofundishwa mwenye mada juu ya kreti.

Mama wa Kibosho
Asanteni. Ya baba watoto nimeshaishika, mtoto naye nimemfundisha, anaimba akiwa anaoga. Dereva, yule mtoto mlimpa nini?

Dereva wa Mianzini
Wageni walitoa hela, akaangalia chini, nikampa baba yake kesho yake pamoja na sukari. Yeye aliomba kuona ramani simu ilipopata chaji. Alitafuta boma lao akalikosa. Mwaka jana nimemkuta Engaruka, kijana mkubwa, ana kitochi kiunoni. Nikamwomba namba. Alinitajia zote kumi huku anaswaga ndama, hakukigusa.