Kijana kaanguka dukani kwenye zamu yangu, meneja anataka nisaini kwamba ni uzembe wake

ZamuYaMchana (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye duka kubwa la rejareja, upande wa kupanga bidhaa. Juzi kijana wa timu yangu alianguka akishusha katoni ya sabuni ya maji kutoka rafu ya juu kabisa. Alikuwa amesimama juu ya kreti za plastiki zilizopandanishwa, kwa sababu ngazi yetu mguu mmoja umepinda. Ngazi hiyo niliitoa kazini mwenyewe, nikaizungushia utepe na kuandika isitumike. Picha yake niliituma kwenye kundi letu la kazini la WhatsApp nikaomba nyingine. Meneja akajibu "linashughulikiwa", hadithi ikaishia hapo.

Kijana aliangukia mkono, na kichwa kikagonga ukingo wa rafu. Nilikuwa napokea mzigo nyuma, nikaitwa. Nikamkuta ameketi, anasema yuko sawa, anataka aendelee. Nikamkatalia, tukaenda zahanati. Kifundo cha mkono kimevunjika.

Sasa meneja kaniletea fomu ya ajali ikiwa imeshajazwa. Kwenye chanzo pameandikwa "mfanyakazi hakufuata taratibu za usalama". Kinachosubiriwa ni saini yangu. Anasema ni mambo ya kawaida, na kwamba makao makuu wakianza kuuliza, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Kijana naye anaogopa, ananiambia "we saini tu bosi, yaishe".

Nikisaini najiingiza kwenye nini? Nisiposaini je? Na wajibu wangu unaishia wapi hasa, maana ngazi sinunui mimi.

Mbeba_Paleti:
Saini mkuu, linda kibarua chako. Kijana keshatibiwa, mkono utapona. Ukigombana na meneja kwa ajili ya karatasi, mwezi ujao unapangiwa zamu za usiku mfululizo mpaka uombe kuacha mwenyewe. Nimeyaona.

MkaguziMstaafu:
Usisaini fomu uliyoikuta imejazwa. Hilo kwanza.

Pili, tazama maneno yenyewe. "Hakufuata taratibu" ni hukumu, na kwenye fomu wanaulizia chanzo. Chanzo unakipata kwa kuuliza "kwa nini" mpaka majibu yaishe. Kwa nini alipanda kreti? Hapakuwa na ngazi nzima. Kwa nini hapakuwa na ngazi? Iliripotiwa kuharibika, haikuletwa nyingine. Kwa nini katoni nzito ya vimiminika ilikuwa rafu ya juu? Kwa nini kazi ile haikusimamishwa wakati kifaa chake hakipo? Hilo la mwisho linakugusa wewe pia, na wakikuuliza usilikwepe. Ukifika huko utaona kijana ni kiungo kimoja tu cha mnyororo, na ndicho chenye mamlaka madogo kuliko vyote.

Andika maelezo yako mwenyewe leo hii, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya watu. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Tenganisha "niliona" na "niliambiwa", maana wewe kuanguka kwenyewe hukukuona, ulikuwa nyuma. Piga picha kreti, rafu, ile ngazi na utepe wake, na lebo ya uzito kwenye katoni. Hifadhi ujumbe wa WhatsApp pamoja na tarehe yake. Na omba kwa maandishi picha za kamera zihifadhiwe. Mifumo mingi ya kamera hurekodi juu ya rekodi za zamani, ukichelewa hakuna ushahidi, na hapo hakuna hata wa kumlaumu.

Usihangaike na fomu yao. Irudishe ukisema: "Hii sijaijaza mimi, yangu ni hii." Basi.

Keshia_wa_Tano:
Mleta uzi, mimi niliteleza kwenye maji ya friji yaliyovuja, sehemu niliyofanya kazi zamani. Nilipewa fomu imeandikwa "alikuwa anakimbia". Sikuwa nakimbia, ila nilikuwa na maumivu na nilitaka kwenda nyumbani, nikasaini. Mgongo uliponisumbua baadaye na nikaenda kudai matibabu, karatasi ya kwanza kutolewa mezani ilikuwa ile yenye saini yangu. Huyo kijana anayesema "yaishe" hajui bado mkono utapona vipi. Usimchukulie neno lake la leo kama ruhusa.

Rafu_ya_Juu:
Mimi nina swali ambalo watu hawatalipenda. Kijana mwenyewe hana macho? Kreti juu ya kreti hata mtoto anaona itateleza.

MkaguziMstaafu:
Swali halali. Mfanyakazi ana wajibu wa kujali usalama wake na wa wenzake, hakuna anayebisha. Lakini tazama alichopewa: rafu tupu inayotakiwa ijae, muda mfupi, ngazi haipo. Ukiondoa kifaa ukaacha kazi ilivyo, watu watabuni kifaa kingine. Leo kreti, kesho ndoo, keshokutwa atapanda rafu yenyewe.

Wakuu wengi wa maduka hudhani kumwambia mtu "kuwa makini" ni hatua ya usalama. Kwenye taaluma yetu hatua zina ngazi zake: kwanza ondoa hatari yenyewe, ikishindikana badilisha kwa kitu kisicho hatari sana, kisha weka kizuizi au kifaa, kisha taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa ndiyo glovu na kofia. Onyo la mdomo na kile kibao cha njano cha "sakafu ina maji" viko chini huko. Bado vinahitajika, ila usitegemee vibebe mzigo wote.

Bi_Sharia:
Nijazie upande wa sheria, kwa ujumla tu, kwa sababu kila nchi ina yake na mleta uzi asome ya kwake.

Wajibu mkuu wa usalama uko kwa mwajiri. Ndivyo ulivyo Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981, na sheria nyingi za nchi zimefuata mkondo huo. Mkataba huohuo, kifungu cha 19, unamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu kwa msimamizi wake wa moja kwa moja, na mpaka irekebishwe mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, kwa hiyo wale wanaowakata watu mishahara kununua viatu vya usalama wajitafakari. Mwaka 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa kwenye haki za msingi za kazi za shirika hilo, ambazo nchi wanachama zinatakiwa kuziheshimu hata kama hazijaridhia mkataba wenyewe.

Kuhusu kijana kuogopa kufukuzwa: Itifaki ya mwaka 2002 ya mkataba huo inakataza kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu ameripoti ajali.

Na hapa watu wengi hawajui. Nchi nyingi fidia ya ajali kazini hailipwi kwa kutafuta mwenye kosa. Ameumia kazini, akifanya kazi, inatosha, isipokuwa mambo kama kujiumiza makusudi. Kwa hiyo sentensi ya "uzembe" mara nyingi haifuti haki yake, ila inaweza kuichelewesha, na inaweza kutumika kumpa barua ya onyo. Kinachoua madai kweli ni kuchelewa. Kuna muda maalumu wa kutoa taarifa, na mwajiri asipoipeleka kijana aulizie mwenyewe kwenye mfuko au bima inayohusika.

Wewe ukisaini kitu unachojua si kweli, siku mambo yakigeuka saini ni yako, ya meneja haipo.

Sindano:
Samahani nakatiza, mimi ni muuguzi. Mnajadili mkono na karatasi, hakuna aliyeuliza kichwa. Anaendeleaje?

ZamuYaMchana:
Jana kilimuuma kidogo, leo anasema kimetulia. Zahanati walimwangalia mkono tu.

Sindano:
Basi arudi, awaambie aligonga kichwa, waandike. Akitapika, maumivu yakizidi badala ya kupungua, akichanganyikiwa, usingizi ukawa mzito kiasi cha kutoamshika, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine au upande mmoja wa mwili ukalegea, ni hospitali wakati huohuo, si kesho asubuhi. Asilale peke yake siku hizi. Na karatasi ya matibabu iseme ameumia kazini. Mara nyingi tunaandika "ameanguka" kwa sababu ndivyo mgonjwa anavyosema.

Funguo_za_Duka:
Naongea kama meneja. Meneja wako huenda si mtu mbaya. Sisi tunapimwa kwa idadi ya ajali, kuna maduka yanatoa hadi bonasi kwa tawi lisilo na ajali. Matokeo yake ni ajali kutoandikwa. Mfumo wa kijinga, lakini ndio unaomkaba. Kwa hiyo usimwendee kama unamshitaki. Mpe njia ya kutokea: mwambie fomu ikisema "ngazi ilikuwa mbovu", yeye ana hoja ya kuombea bajeti ya ngazi mpya. Ikisema "uzembe wa mfanyakazi", atanunuliwa semina.

Kuhusu wajibu wako kuishia wapi: unaishia pale mamlaka yako yanapoishia, ila mamlaka yako ni makubwa kuliko unavyofikiri. Hununui ngazi, sawa. Lakini unapanga nani afanye nini na bidhaa ikae wapi. Shusha vitu vizito, viwe kati ya magoti na mabega. Fomula ya kunyanyua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, huanzia kilo 23 kwa hali nzuri kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujipinda. Ukinyoosha mikono juu ya kichwa kiwango kinashuka, na hapo hata haijazungumzia mtu aliyesimama juu ya kreti. Rafu ya juu weka vitu vyepesi, au iache tupu.

ZamuYaMchana:
Rafu za juu nimeshazifunga zote. Meneja analalamika duka linaonekana halina mali. Nimemwambia aniandikie kwamba anaagiza zijazwe bila ngazi. Hajaandika.

Mbeba_Paleti:
Haha, hiyo nimeipenda. Nafuta ushauri wangu wa juu.

ZamuYaMchana:
Mrejesho wakuu. Nimepeleka maelezo yangu na picha. Mwanzoni alifoka, nikatumia maneno ya Funguo_za_Duka kuhusu bajeti, akapoa. Fomu mpya inasema: "Mfanyakazi alipanda kreti kushusha katoni. Ngazi ya idara ilikuwa imeondolewa kazini kwa ubovu na kuripotiwa. Mbadala haukuwepo." Hapo pa kreti naona bado wanamnyooshea kidole, lakini ni kweli alipanda. Kijana kaangaliwa kichwa, wamesema yuko salama ila apumzike. Nisaini hii?

MkaguziMstaafu:
Hiyo hata mimi ningesaini. Ambatisha maelezo yako, baki na nakala, na kijana naye apate nakala yake. Tena akikaribia kurudi, daktari aandike kazi gani anaruhusiwa na zipi haruhusiwi. Usikubali arudishwe kupanga rafu kwa mkono mmoja eti "kazi nyepesi". Kuhakiki bei au kupokea nyaraka za mzigo anaweza, kubeba hapana, mpaka karatasi iseme.