Naomba ushauri: maji kwenye tangi la Cessna 182 kila mvua ikinyesha

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naomba msaada wa marubani na mafundi wa ndege ndogo.

Ndege ni Cessna 182P ya mwaka 1976, inalala nje hapa Tanga kwa kuwa hatuna hanga. Tangu masika yaanze, kila asubuhi nikikinga mafuta kwenye kikombe kabla ya kuruka napata maji, bawa la kushoto tu. Avgas 100LL, yaani petroli ya ndege ndogo, ni ya bluu, kwa hiyo maji yanaonekana wazi yakitulia chini bila rangi. Juzi nilikinga vikombe vinne ndipo yakaisha. Nikaghairi safari.

Nimebadilisha mpira wa kifuniko, najaza matangi jioni ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji usiku, na mafuta ya pipa nayapitisha kwenye chujio. Bado. Matangi yenyewe ni mifuko ya mpira ndani ya bawa, na ikijikunja hushika maji yasifike kwenye koki ya kukingia. Kweli, nikitikisa mabawa na kushusha mkia yanatoka mengine! Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana kikombe safi hakinihakikishii kitu.

Kuna aliyetoa vifuniko hivi vilivyolala sawa na bawa akaweka vile vya kuinuka, na maji yakakoma? Na mikunjo ya mfuko, inanyoosheka mfuko ukiwa humohumo bawani au lazima ung'olewe?

Natanguliza shukrani.