Mjadala: Muhuri wa mtaa usigongwe kabla nyumba ya kupanga haijakaguliwa

Watu wa Tanga, naleta hoja moja na nitaisimamia. Mkataba wa kupanga usigongwe muhuri wa serikali ya mtaa mpaka nyumba iwe imeangaliwa vitu vitatu: umeme wake, njia ya kutokea usiku, na karo la uani, yaani shimo la maji machafu. Kisichofaa kirekebishwe na mwenye nyumba kwa pesa yake, kabla mpangaji hajaingiza hata godoro.

Nasema hivi kwa sababu ya nyumba tunazoishi wengi wetu. Chukua nyumba yoyote ya zamani pale Ngamiani, barabara yoyote katika zile zenye namba. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, mlango mkubwa mbele na mwingine wa kutokea uani. Leo kila chumba kina familia yake, na kila familia imejichukulia nafasi koridoni: ndoo za maji, jiko la mkaa, mtungi wa gesi, baiskeli mbili tatu zimeegemezwa ukutani. Saa nne usiku mlango mkubwa unafungwa kwa kufuli kwa ndani, na ufunguo unalala na mtu mmoja. Wa uani nao una kufuli lake. Madirisha yana nondo zilizojengewa ukutani kwa kuogopa wezi. Sasa niambieni, moto ukianzia koridoni saa nane za usiku, walio chumba cha mwisho wanatokea wapi? Zimamoto utawapigia 114, na barabara za Ngamiani zimenyooka, gari litafika mlangoni. Lakini moshi haumngojei mtu atafute ufunguo chini ya mto.

Na umeme. Nilipata kupanga nyumba ambayo bomba la uani lilikuwa linapiga shoti. Si kila siku. Wakati wa masika, ardhi ikishalowa, ukilishika unasikia mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Tulizoea. Watoto walifundishwa wavae kandambili kwanza ndipo wafungue maji, na mgeni akija anaonywa mapema kama anavyoonyeshwa choo kiliko. Mwenye nyumba alipoambiwa alijibu kwamba hilo ni la TANESCO. Si la TANESCO. Shirika linaishia kwenye mita. Waya wote ulioko baada ya mita ni wa nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Fundi alipokuja, baada ya wapangaji kuchangishana, alikuta waya wa banda la nyuma umeungwa kwa selotepu juu ya dari, umechunika, umelalia bomba la chuma. Ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuwapo kabisa.

Wapo watakaoniuliza sheria iko wapi. Ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo watu wengi wanaamini mpangaji hana pa kushika. Pa kushika papo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo kwenye mkataba wa kupanga hata kama hayakuandikwa. Nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na unapopangishwa sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuzitunza. Korido ni njia ya pamoja. Bomba la uani ni la pamoja. Sioni ubishi hapo.

Ubishi uko kwenye wakati. Ukishalipa kodi ya miezi sita mbele, na dalali umempa ya mwezi mmoja, huna tena nguvu ya kudai kitu. Utaambiwa kama hapakufai, hama. Utahama na nini? Ndiyo maana nataka ukaguzi uje kabla ya muhuri, pesa ikiwa bado iko mfukoni mwa mpangaji.

Neno la mwisho kwa wanaosema mpangaji hachangii jengo. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na sasa ni Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ndiye inayemkata, na katika nyumba za kupanga anayenunua mara nyingi ni mpangaji. Wangapi wanarudishiwa kwenye kodi yao ya chumba?

Karibuni. Anayepinga aseme.

Mama mwenye nyumba, Makorora

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na mengi umesema kweli, ila umesahau kuwa wenye nyumba hatufanani. Mimi nyumba hii niliachiwa na marehemu mume wangu. Vyumba vitano nimepangisha, kimoja nalala na wajukuu. Moto unaousema hautanibagua.

Kufuli la usiku nalifunga mimi. Nalifunga kwa sababu waliwahi kuingia koridoni wakachukua baiskeli na mtungi wa gesi, na asubuhi wapangaji haohao wakasimama mlangoni pangu kunidai. Nikiacha wazi, mwizi. Nikifunga, wewe unaniambia moto. Nifanye lipi?

Na hiyo kodi ya miezi sita kwangu haipo. Wanalipa mwezi kwa mwezi, tena kwa vipande. Yupo aliyeondoka usiku nikakuta chumba hakina globu, hakina soketi, hata kitasa kakifungua. Watu ni waja leo waondoka leo, mwenye kubaki na deni la fundi ni mimi. Ukinilazimisha nivute waya upya nyumba nzima nitapandisha kodi, sina njia nyingine. Atakayeshindwa kulipa si mtu wa ofisini. Ni yule kijana anayechuuza samaki wa soko la Deep Sea, na yule mama lishe wa chumba cha pili. Umewatetea ili wahame?

Halafu mwenyekiti wa mtaa ana ujuzi gani wa umeme? Tutamtengenezea ulaji tu.

Fundi umeme, Duga

Shikamoo mama. Mimi ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kazi zangu ni hapahapa mjini, kwa hiyo naomba niseme la kiufundi tu.

Kukagua si kuvuta waya upya. Nyumba ya vyumba sita naangalia kwanza meni swichi, halafu ethi: ile fito ya kopa ipo ardhini kweli, na waya wake haujakatwa? Kopa ina soko kwenye vyuma chakavu, nimekuta nyumba nyingi kipande kimebaki ukutani kinaning'inia. Na huku kwetu pwani chumvi inakula viungio, unavuta waya kidogo unabaki nao mkononi. Baada ya hapo naangalia waya wa soketi. Wa taa ni milimita 1.5, wa soketi ni 2.5. Nikikuta soketi imeungwa na waya wa taa, najua pale kuna kitu kitaungua siku moja. Nyumba nyingi zinahitaji ethi mpya na ile swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, yenye kitufe cha kujaribia. Shoti ya bomba aliyoieleza mleta hoja ingekatwa na kifaa hicho kabla mtu hajaumia.

Na wapangaji nao wasikie. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, pasi na jiko la koili kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, halafu breka ikiruka mnamtafuta mtu wa kuifunga na waya isiruke tena. Mimi siifungi. Yupo atakayeifunga.

Jambo moja linalonikera: nyumba inapoungwa umeme mara ya kwanza, TANESCO wanataka fomu ya mkandarasi. Baada ya hapo inaweza kukaa miaka 30, ikaongezewa vyumba, banda na kibanda cha mbele, na hakuna anayerudi kuuliza.

Mpangaji, Mabawa

Karo la nyumba niliyokuwa nakaa lilifunikwa bati na jiwe juu yake. Nina mtoto wa miaka mitatu. Niliomba mfuniko wa zege, nikaomba tena, mara ya tatu nikaambiwa chumba kina mtu wake, anatoka Muheza mwisho wa mwezi. Anayesema tudai haki zetu aniambie kwanza nitalala wapi siku nikishadai.

Mleta hoja

Mama wa Makorora, shikamoo, na nashukuru umejibu kwa upole. Nianze na kufuli lako. Toa kufuli, weka komeo zito la kusukuma kwa ndani, juu na chini. Aliye nje hawezi kulifungua, na aliye ndani, hata mtoto wa darasa la tatu akilifikia la chini na mkubwa la juu, hahitaji ufunguo. Anayechelewa kurudi atagonga. Baiskeli zilale vyumbani, na wapangaji wakubaliane na hilo kwa maandishi. Upande wa madirisha, kila chumba kiwe na grili moja yenye bawaba, inayofungwa kwa ndani mahali ambapo mkono wa nje haufiki. Kazi hiyo mchomeleaji yeyote anaiweza. Hayo yakifanyika hulazimiki kuchagua kati ya mwizi na moto.

Kuhusu gharama, fundi amenisaidia. Sidai makubwa. Kule England sheria inamtaka mwenye nyumba aweke king'ora cha moshi kila ghorofa tangu Oktoba 2015, na umeme ukaguliwe na mtu mwenye sifa angalau kila baada ya miaka 5. Mimi naomba ethi, komeo na mfuniko wa zege. Kama fedha haipo kwa mkupuo, mkataba useme: wapangaji watangulize, ikatwe kwenye kodi kidogo kidogo, na risiti ya fundi ibandikwe nyuma ya mkataba. Lakini iandikwe. Maneno ya koridoni hayafiki popote.

Mgawanyo wangu ni huu: kinachobaki mpangaji akihama ni cha mwenye nyumba, anachobeba ni chake na hatari yake ni yake. Waya, ethi, mlango, karo, ngazi, hayo ni ya jengo. Mtungi, hita, jiko na ekstensheni ni vya mpangaji, na hapo nasimama upande wa mama kabisa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujaa korido. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala wasiamke. Mpangaji anayeziba korido kwa vitu vyake, au anayepika mkaa chumbani, anawahatarisha wenzake watano, na mwenye nyumba awe na haki ya kumwambia aondoe au aondoke.

Mwenyekiti sitaki akague. Aione karatasi ya fundi mwenye leseni, aandike namba ya leseni kwenye mkataba, ndipo agonge. Asiulize kingine na asipokee kingine.

Dada wa Mabawa, wewe ndiwe uliyenifanya niandike haya yote hata kabla hujajibu. Baraza la kata tangu mwaka 2021 halitoi hukumu tena za ardhi na nyumba, kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana, njia inaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mtu wa chumba kimoja mwenye mtoto mdogo hana nauli wala siku za kupoteza huko. Kwako, ukaguzi wa baada ya kuingia hauna maana. Ungepaswa kuikuta zege juu ya karo siku ya kwanza unaonyeshwa chumba, na huyo anayekuja kutoka Muheza naye aikute.

Mama, bado nakungoja kwenye suala la komeo. Ukikubali hilo moja, nakuja Makorora na mchomeleaji tupime mlango wako.