Shahada ya ustawi wa jamii: chuoni muda wote au kwa masafa? Natakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa

Nuru_26:
Wakuu, salaam. Nimepata nafasi mbili za kusoma shahada ya ustawi wa jamii na mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Moja ni ya kuhudhuria darasani muda wote. Nyingine ni ya masafa, masomo yanapatikana mtandaoni na mitihani tunaenda kuifanya kituoni. Kazi ninayoitaka naijua, ni ya watoto na familia. Kinachonishinda ni njia ya kuifikia. Vipeperushi vya vyuo vyote viwili nimevisoma na kuvirudia, vyote vinaahidi mafunzo bora. Mliopita huko mnanishauri ipi?

Kalamu Nzito:
Mleta uzi, mambo yote ya msingi umeyaacha. Una ajira? Kuna watu wanakutegemea? Hiyo programu ya masafa ina ithibati ya mamlaka inayosajili maafisa ustawi huko uliko? Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni saa ngapi, na kituo anatafuta nani, wewe au chuo? Usipojibu haya kila mtu atakuelekeza njia aliyopita yeye.

Mpiga Mbizi:
Nenda chuoni, usisite. Kuna masomo katika shahada hii ambayo utayasoma hata ukiwa kitandani: sera za jamii, sheria ya mtoto, maendeleo ya binadamu. Lakini stadi za mahojiano hazisomwi hivyo. Sisi tulikaa watatu watatu. Mmoja mteja, mmoja afisa, wa tatu anatazama na kuandika. Siku yangu ya kwanza nilijiona nimefanya vizuri sana. Aliyekuwa akitazama akanisomea karatasi yake: ndani ya dakika 10 nimemkatiza mteja mara 11, na karibu zote ni pale aliponyamaza. Sikuweza kuuvumilia ukimya, nikawa naujaza maneno yangu. Hilo nisingeligundua peke yangu mbele ya kompyuta, na leo kazini ukimya wa mteja ndio ninaousikiliza kuliko kitu kingine.

Mama Wawili:
Mpiga Mbizi nakuheshimu, ila usimtishe mwenzetu. Mimi nimesoma kwa masafa nikiwa mlezi katika makao ya watoto, na nina wanangu wawili. Usiku nasoma nadharia ya mifumo, asubuhi naikuta mlangoni. Mnakumbuka ekomapu, ule mchoro wa uhusiano wa familia na walioizunguka, ulioletwa na Ann Hartman, msomi wa ustawi wa jamii wa Marekani, miaka ya 1970? Familia unaiweka kwenye duara katikati, pembeni maduara ya shule, zahanati, ndugu, majirani. Mstari mnene ni uhusiano imara, wa vitone ni uhusiano dhaifu, wenye vipande vya kukatiza ni mvutano, na mshale unaonyesha msaada unatoka kwa nani kwenda kwa nani. Wenzangu wa chuoni walichora familia ya kwenye kitabu. Mimi niliketi na bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, penseli akaishika mwenyewe. Alipomaliza akauangalia mchoro, akasema, "Kumbe mistari yote inatoka kwangu, hakuna unaokuja." Palepale nikaelewa tathmini ni nini.

Mpiga Mbizi:
Dada, wewe ulikuwa tayari uko kwenye kazi hiyo. Yeye hatujui anafanya nini.

Kalamu Nzito:
Ndiyo maana nimeuliza. Nuru, rudi utujibu.

Shauri Jema:
Ngoja niandike kwa urefu, labda itamsaidia. Nilisoma kwa masafa. Chuo sikitaji, mwajiri sitamtaja, na habari za mtoto nimezibadilisha asitambulike.

Nadharia ilikwenda vizuri, sikupata sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Mwaka wa tatu tukaambiwa kila mwanafunzi atafute kituo cha fildi mwenyewe. Nilizunguka ofisi tano. Ya sita ikanipokea, nikafurahi mno na sikuuliza lolote. Nilipofika nikakuta afisa ustawi aliyekuwepo amehama miezi kadhaa nyuma. Niliyekabidhiwa kuwa msimamizi wangu alikuwa mtu wa utawala, mwema kabisa, lakini taaluma yetu hakuisomea. Wiki mbili nikapanga mafaili. Ya tatu akanituma peke yangu nyumbani kwa binti wa miaka 13 aliyeacha kwenda shule.

Tulikaa nje ya nyumba yao. Binti alikuwa akikwaruza ardhi kwa kijiti na kuifuta mistari kwa kiganja. Akaniuliza, "Nikikwambia, utamwambia mtu?" Nikamjibu sitamwambia mtu yeyote. Kila mwanafunzi wa kazi hii anafundishwa kwamba siri ina mpaka, mtoto akiwa hatarini lazima useme, na kwamba mpaka huo unautaja mwanzoni, kabla mtoto hajafungua mdomo. Mimi mwenyewe nilishaujibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini mbele ya mtoto halisi nilitaka aniamini, basi. Akanisimulia anavyopigwa.

Nikarudi ofisini nikitetemeka. Sikujua rufaa, yaani taarifa ya kumkabidhi mtoto kwa wanaohusika, naipeleka kwa nani wala kwa fomu gani. Nikaandika kurasa tatu, zikawekwa kwenye droo hadi mkuu wa ofisi arudi safari. Baada ya siku nne nikatafuta mwenyewe afisa wa ofisi nyingine na kumweleza, akafuatilia siku hiyohiyo. Nilipokwenda naye kwa yule binti, aliniangalia mara moja tu, akageuka. Hakuzungumza nami tena hadi nikamaliza muda wangu.

Na bado. Nilipowasilisha kitabu cha kumbukumbu, chuo kikazikataa saa zangu zote kwa sababu aliyenisainia hana sifa za kusimamia mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Wiki 12 zikapotea. Mwaka uliofuata nikarudia fildi katika ofisi yenye msimamizi wa kweli. Kila Jumatatu tulikaa saa nzima na karatasi yenye safu nne: alichosema mteja, nilichosema mimi, nilichokuwa nahisi wakati huo, na safu ya mwisho ya maoni yake. Kwenye karatasi ya kwanza alizungushia kalamu neno moja nililoandika, "nikamtuliza". Akauliza, "Ulikuwa unamtuliza yeye au wewe?" Saa ile moja ilinifundisha zaidi ya muhula mzima.

Kwa hiyo Nuru, usiulize chuoni au masafa. Uliza nani atakaa na wewe baada ya siku kama ile yangu.

Mama Wawili:
Shauri Jema, pole sana. Umeniliza.

Jiwe la Pembeni:
Kwa nini asisome saikolojia au sosholojia tu? Ni fani pana, na akitaka ustawi baadaye ataingia. Halafu niwe mkweli, kazi ya kuhudumia watu ni wito. Mwenye huruma anayo, asiye nayo hata akae darasani miaka minne hataipata.

Kalamu Nzito:
Ndugu yangu, kuna nchi nyingi ambako jina hilo la kazi linalindwa kisheria. Bila shahada inayotambuliwa husajiliwi, na bila usajili hukabidhiwi shauri la mtoto. Mwenye sosholojia atakueleza vizuri kwa nini watoto wa eneo fulani wanaacha shule. Mwenye saikolojia atamsaidia huyu mtoto na hofu yake. Afisa ustawi anatakiwa kukutana na mtoto, mzazi, mwalimu, polisi na hakimu ndani ya wiki moja, na kuwaunganisha. Ufafanuzi wa kimataifa wa taaluma uliopitishwa Melbourne mwaka 2014 unataja haki ya jamii, haki za binadamu, uwajibikaji wa pamoja na kuheshimu tofauti za watu. Hiyo si huruma peke yake.

Mpiga Mbizi:
Hoja ya wito ni ya zamani. Wakati Jane Addams na Ellen Gates Starr wanafungua Hull House, nyumba ya kuhudumia wahamiaji na maskini, kule Chicago mwaka 1889, wengi waliona kazi hiyo kama hisani ya watu wenye moyo. Amsterdam walikuwa na shule ya kuifundisha tangu 1899. Mwaka 1915 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, akasimama mbele ya wahusika wenyewe akawaambia kwamba hii bado si taaluma kamili, haina mbinu zake yenyewe inayoweza kuzifundisha. Miaka miwili baadaye Mary Richmond, mwenzao katika kazi hiyo, akatoa kitabu kikubwa kinachoonyesha hatua kwa hatua ushahidi wa maisha ya mteja unakusanywaje na kupimwaje. Yaani wito ulikuwepo, na bado watu waliona hautoshi.

Jiwe la Pembeni:
Historia nimeielewa. Lakini nimeona wenye shahada wanaomsemesha mama mjane bila kuinua macho kwenye fomu. Hilo nalo mnalielezaje?

Mama Wawili:
Jiwe, mimi nimewaona wa aina zote mbili. Waliokuja na moyo mtupu bila mafunzo tuliwapokea wengi pale makaoni. Wanabeba kila mtoto mabegani, wanatoa namba zao za simu, hawalali, na baada ya miezi kadhaa wanaondoka bila kuaga. Watoto wanabaki wakiuliza. Hayo macho yaliyo kwenye fomu, mara nyingi ni ya mtu aliyepewa mashauri mengi kuliko uwezo wake na hana wa kumsikiliza. Simtetei. Nasema tu kwamba yeye pia alihitaji ile saa ya Jumatatu.

Nuru_26:
Nimerudi, samahanini, nilikuwa kazini. Majibu: ndiyo, nimeajiriwa, naingiza takwimu ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni, hakuna mteja ninayekutana naye. Mama yangu ananitegemea. Vyuo vyote viwili vina ithibati, nimehakiki. Chuo cha kuhudhuria kina fildi mara mbili, mwaka wa pili na wa mwisho, na kinawapangia wanafunzi vituo. Masafa wanasema wiki 8, na kituo "mwanafunzi atakitafuta kwa kushirikiana na chuo". Shauri Jema, nimesoma ulichoandika mara tatu.

Kalamu Nzito:
Sasa tunaweza kuzungumza. Piga hesabu: wiki 8 kwa saa 40 ni saa 320. Marekani baraza lao linataka si chini ya saa 400 kwa shahada ya kwanza, Uingereza wanahesabu siku, 200. Kila nchi ina kiwango chake, kwa hiyo angalia kinachodaiwa na baraza litakalokusajili. Ithibati ya chuo peke yake isikutulize. Uliza kama hizo wiki 8 ni kwa shahada yote au kwa mwaka mmoja.

Jambo la pili ambalo watu hawaambiwi mapema. Masafa yanakuacha huru mchana wakati wa nadharia tu. Fildi ni mchana. Shule, mahakama, hospitali, ofisi za ustawi, zote zinafungwa jioni. Mwajiri wako atakupa likizo ya wiki 8?

Nuru_26:
Hilo la mchana sikuwa nimelifikiria kabisa. Nitamuuliza bosi kesho.

Mpiga Mbizi:
Na mama anayekutegemea, ukienda muda wote nani atabaki naye? Nimekupigia debe la chuoni tangu mwanzo na hilo sikukuuliza.

Nuru_26:
Mdogo wangu anaishi naye. Fedha ndiyo ngumu, mshahara wangu ndio unaoendesha nyumba. Akiba niliyonayo inafika mwaka mmoja na miezi kidogo.

Mama Wawili:
Basi usiache kazi kwa ushauri wa watu wasiokujua. Kama ni masafa, tafuta mahali pa kujitolea Jumamosi penye watoto, na kikundi cha watu watatu mfanye lile zoezi la Mpiga Mbizi. Sisi tulikuwa tukirekodi sauti kwa simu, tunasikilizana. Mazungumzo ya kuigiza tu, usirekodi mteja.

Shauri Jema:
Ukipiga simu chuoni, usiulize kama kuna msimamizi. Watajibu yupo. Uliza ana sifa gani, wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na nikipata tatizo Jumatano nampigia nani Jumatano hiyohiyo.

Nuru_26:
Wakuu, mrejesho. Nimepiga kote. Chuo cha kuhudhuria wamenipa mratibu wa fildi mwenyewe, amenijibu kwa utulivu: wanafunzi watano kwa kila msimamizi, wote wamesajiliwa. Masafa wamesema wiki 8 ni kwa mwaka wa tatu na kuna nyingine 8 mwaka wa nne, hivyo saa zinatosha. Kuhusu msimamizi wameniambia nitajulishwa muda ukifika. Nilipouliza nampigia nani tatizo likitokea, wamenihamisha simu mara mbili ikakatika. Bosi hajajibu suala la likizo, amesema nimwandikie barua.

Kalamu Nzito:
Barua iandike leo, na utaje tarehe. Chuo cha kwanza waulize kama unaweza kuthibitisha halafu ukaahirisha mwaka. Wengine wanaruhusu.

Nuru_26:
Nitauliza kesho asubuhi, itakuwa Alhamisi. Asanteni.

Mpiga Mbizi:
Shauri Jema, kama unaweza kusema, yule binti ilikuwaje?

Shauri Jema:
Alihamia kwa shangazi yake na alirudi shule. Zaidi ya hapo si langu kuandika hapa.

Jiwe la Pembeni:
Nashukuru kwa majibu ya juu, nimeyafikiria. Naomba kuuliza nikiwa humu humu: mpwa wangu naye anaitaka shahada hii ila hesabu zinamsumbua. Takwimu na mbinu za utafiti ni nzito kiasi gani?

Mama Wawili:
Jiwe, kwangu zilikuwa muhula mmoja wa takwimu, mmoja wa mbinu za utafiti, halafu tasnifu mwaka wa mwisho. Mwambie aanze mapema kusoma majedwali, asisubiri darasa. Wengi wetu tasnifu zilikuwa za mahojiano, hesabu ni chache, ila kuandika mahojiano yote neno kwa neno kunakula usiku mwingi. Anataka kufanya kazi na kundi gani?