Waliokosekana kwenye daftari

*Kikundi: Familia yetu*

Mimi: Shikamoo mama. Wengine wote, habari za jioni. Oda ya mwisho imechukuliwa saa kumi na moja, cherehani nimeifunika. Sifungui mpaka sikukuu zipite. Nina neno la shukrani, litakuwa refu, mnivumilie.

Mama: Marahaba mwanangu. Pole na kazi. Sema, tuko.

Mdogo wangu: Hongera dada! Lakini umelala kwanza?

Mimi: Nimelala mchana, saa 2 nzima.

Mimi: Haya. Leo nimefunga hesabu za mwaka. Nimejumlisha mauzo, nikatoa vitambaa, uzi, vifungo, umeme na fundi wa mashine. Kilichobaki kikanifurahisha mno. Halafu nikakumbuka kuna kitu sijatoa: mshahara. Wangu na wenu.

Kaka: Wenu sisi? Mimi hata uzi kwenye sindano sijui kutunga.

Mimi: Kaka, nani alirudi dukani mara mbili na ule uzi? Niliuziwa bluu iliyokoza badala ya nyeusi. Usiku kwenye taa huoni tofauti. Nimekuja kuiona asubuhi pale dirishani, nimeshaunga mikono 6. Ukaacha shughuli zako ukaenda. Mara ya kwanza wakakupa uleule, ukarudi tena. Nilikuwa nafumua huku nalia, na wewe hukuniuliza kwa nini sikuangalia mapema.

Kaka: Ah, dada. Hilo nilishasahau.

Mimi: Mimi sijasahau.

Mimi: Sasa binti yangu. Yale mashati 40. Kila moja vifungo 7 mbele na 2 vya mikono, jumla 9. Mara 40 ni vifungo 360. Vyote kwa mkono, tuseme dakika 3 kila kimoja. Ni dakika 1,080. Mwanangu, hizo ni saa 18.

Binti yangu: Shikamoo bibi, shikamoo mjomba, shikamoo mama mdogo. Mama, vya mwishomwisho nilikuwa natumia dakika 2 tu 😊

Mama: Marahaba mjukuu wangu. Saa 18!

Mimi: Na hakuna hata saa 1 iliyoingia kwenye bei ya shati. Nilipiga hesabu ya kitambaa, nikaongeza cha kwangu kidogo, nikamtajia mteja. Akasema nina bei nzuri. Kumbe bei nzuri ile ilitoka kwenye likizo ya mwanangu. Leo imeniuma, nawaambia kweli.

Binti yangu: Mama mimi nilipenda kukaa na wewe kule chumba cha nyuma. Tulikuwa tunaongea.

Mimi: Najua mama. Mazungumzo yale tutaendelea nayo. Vifungo ndivyo vitakuwa na mstari wake kwenye daftari, na hela yake utapewa wewe mkononi. Hizo 18 nakulipa kabla ya sikukuu.

Binti yangu: Kwa hiyo utapandisha bei? Wateja wakikimbia?

Mimi: Watakaokimbia ni wale waliokuwa wananunua usingizi wako.

Mama: Hapo umesema.

Mdogo wangu: Dada, mimi naomba nisiwekwe kwenye mshahara. Nikilipwa kumchukua mtoto wako shuleni nitajiona dereva. Yule ni mwanangu.

Mimi: Siku 3 kila wiki, mwaka mzima. Mvua ikinyesha unamkuta getini kabla hata sijakumbuka kwamba mvua inanyesha.

Mdogo wangu: Ninachotaka ni kimoja. Uje kwangu siku nzima, bila tepu shingoni. Mara ya mwisho ulikuja nayo, ukampima jirani yangu mlangoni.

Mimi: Nakuja Jumamosi. Tepu inabaki nyumbani.

Mama: Mwanangu, simu yangu imeingia pesa. Za nini hizi?

Mimi: Zako mama. Ulizonipa pale mteja alipoagiza, nikakata na kushona, kisha akaacha kupokea simu. Nguo za vipimo vyake, nani mwingine angezivaa? Mtaji wote ulikuwa umelala kwenye mfuko ule mmoja. Bila wewe nisingenunua kitambaa cha oda iliyofuata, ningefunga wiki ileile.

Mama: Mimi sikukudai.

Mimi: Ndiyo maana zilinilemea mama. Tangu siku ile sishiki mkasi kabla ya kupokea advansi ya nusu. Ulinipa pesa bila kunisema, nikapata nafasi ya kujifunza mwenyewe.

Mama: Nimepokea. Mungu akuzidishie. Mikono yako ibarikiwe.

Mimi: Amina mama 🙏

Mimi: Baba watoto uko kimya, na nimekuacha wa mwisho kwa makusudi. Mwanzoni mwa mwaka ulikuwa unachungulia usiku unauliza, "Hujamaliza tu?" Nilikuwa nakasirika, hata sikujibu. Sijui siku gani ulibadilisha, ukaanza kuuliza, "Imebaki nini?" Hapo nikawa na cha kukujibu. Kukunja. Kuandika majina kwenye mifuko. Kukata nyuzi zinazoning'inia. Tangu ulipobadilisha swali hilo sijawahi kumaliza oda nikiwa peke yangu.

Kaka: Shemeji, heshima yako.

Baba watoto: Asante mama watoto. Nilikuwa nasoma, ila nina mtu hapa hataki kulala.

Mimi: Ana homa?

Baba watoto: Hapana. Anauliza mbona kimya. Anataka kusikia cherehani.

Mdogo wangu: Masikini mtoto!

Mimi: Mwambie nakuja. Naifunua, nachomoa uzi, naiendesha tupu mpaka asinzie.

Baba watoto: Mlango wa chumba chake nimeuacha wazi.