Mjadala: Mwanamichezo mgeni wa chuo Marekani alipwe, au skolashipu inamtosha?

Wadau wa michezo, naomba tuijadili hii kwa hoja. Mwanamichezo aliyeingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi aruhusiwe kulipwa kama wenzake wazawa, au abaki na skolashipu yake? Mimi nasema alipwe, na naanza na kijana wa Lubumbashi.

Msimu wa 2021/22 Oscar Tshiebwe, mcheza mpira wa kikapu, alikichezea Chuo Kikuu cha Kentucky kwa wastani wa pointi 17.4 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kapu) 15.1 kwa mechi, akawa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Machi 2022, katika mashindano ya taifa ya vyuo, Kentucky, waliopangwa nafasi ya 2, walitolewa na Saint Peter's wa nafasi ya 15 katika muda wa nyongeza, 85-79. Kipigo kile kiliuma, lakini Tshiebwe alitoka uwanjani na pointi 30 na ribaundi 16. Mpira ukigonga chuma, tayari yuko chini yake, amemweka mtu mgongoni, anauvuta kifuani kwa mikono miwili.

Tangu Julai 2021 wanafunzi wameruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na sura zao. Mzawa anayekalia benchi anaweza kutangaza duka la magari mtaani kwao. Tshiebwe hakuweza, kwa sababu viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hairuhusu kazi nje ya chuo bila kibali maalumu. Alisubiri hadi Agosti 2022, timu ilipokwenda kucheza Bahamas, ndipo akafanya dili zake akiwa nje ya ardhi ya Marekani. Jezi ni ileile, uso ni uleule, ila mpaka avuke bahari! Zach Edey wa Purdue, Mkanada aliyekuwa mchezaji bora 2023 na 2024, naye alibanwa na viza hiyohiyo.

Wapo watakaosema skolashipu inatosha. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 1978 Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na wakati ule hakuna mwanafunzi aliyelipwa, mzawa wala mgeni. Leo mambo yamegeuka. Kwa makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake pesa moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza, 2025/26, kikomo kilikuwa takriban dola milioni 20.5. Ukishafungua mfuko, huwezi kumwambia aliyekubebea timu kwamba yeye ada inamtosha.

"Walijua masharti walipoomba viza." Sawa, lakini ni nani aliyewafuata? Makocha wa vyuo wanasaka vipaji hadi Bonde la Ufa, wanawaahidi wazazi maisha mapya, halafu kijana akishaanza kushinda anaambiwa viza yake ni ya kusoma tu.

Hoja inayonipa shida kidogo ni ile ya wanaohofia kwamba malipo yataleta wanafunzi hewa, watu wanaotumia chuo kama mlango wa kuingilia. Hofu hiyo naielewa. Ndiyo maana nataka kibali chenye mipaka: matangazo na mgawo wa chuo tu, kodi ikatwe, na anayefeli masomo anyang'anywe.

Mnaosema wasilipwe, nijibuni hili moja: pesa ya jezi yenye jina la Tshiebwe ilipaswa kuishia mfukoni mwa nani?